Boti au utrasaundi? Jibu kwa mwalimu wa Ukerewe

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu, Ukerewe, na ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo chetu cha afya. Kuna mfadhili amejitolea kutununulia kitu kimoja kati ya viwili: mashine ya utrasaundi ya kubeba mkononi, au boti ya kusafirishia wagonjwa kutoka visiwa vidogo. Mtaalamu aliyekuja kutusaidia kuchagua alituonyesha jedwali kwenye projekta, na utrasaundi ilishinda kwa mbali. Mzee mmoja mvuvi akauliza, 'Na wale wa visiwani, ambao hata kliniki hawafiki, wamo humo?' Akajibiwa kwamba hayo ni mambo ya maadili, ni mazuri, ila pale tulikuwa tunazungumza sayansi. Mzee hakusema tena mpaka kikao kikafungwa. Wiki nzima nimekaa na swali lake. Maadili yana nafasi gani hasa katika kupima kifaa cha tiba? Tuyalete kabla ya hesabu, baada ya hesabu, au tuwaachie masheikh na mapadri?"

Mwalimu, shikamoo.

Nianze na mzee wako, maana amenyamazishwa kwa jibu ambalo si sahihi. "Wamo humo?" ni swali la fani yetu hasa, na mpimaji anayeijua kazi hulijibu kabla hajafungua kompyuta. Hata tukienda kwa vitabu: fasili ya tathmini ya teknolojia za afya iliyokubaliwa na vyama vya kimataifa vya fani hii mwaka 2020 inasema kazi yake ni kubaini thamani ya teknolojia, na inayataja maadili, jamii, utamaduni na sheria pamoja na usalama, ufanisi na gharama. Kwa hiyo huyo mwenzangu alikosea hata kwa mujibu wa darasa lake mwenyewe.

Ila sitaki kumshinda kwa fasili. Afadhali tulifunue jedwali lenyewe. Unauliza maadili yaje kabla au baada ya hesabu. Ukweli ni kwamba yalikuwa yamo ndani ya hesabu muda wote, ila hamkutambulishwa.

Sina shaka safu ya mwisho ya jedwali ilikuwa gharama kwa kila mwaka wa maisha yenye afya unaookolewa. Karibu majedwali yote ya namna hii huishia hapo. Kipimo hicho, kwa kifupi DALY, kilitangazwa na Benki ya Dunia katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1993. Unajumlisha miaka inayopotea kwa kufa mapema na miaka ambayo mtu anaishi na maradhi au ulemavu, kisha unauliza kifaa fulani kinarudisha mingapi kwa shilingi ngapi. Ni kipimo kizuri, nami nakitumia. Ukihesabu vifo peke yake, upofu hauna namba, kwa sababu kipofu hafi. Lakini waliokitengeneza walilazimika kujibu maswali ambayo hakuna maabara inayoweza kuyajibu. Mwaka wa kichanga na mwaka wa mtu mzima vina uzito sawa? Mwanzoni walisema hapana: mwaka wa kijana wa miaka ishirini na kitu ulipewa uzito zaidi kuliko wa mtoto mchanga au wa mzee, kwa hoja kwamba huyo ndiye anayebeba wengine mgongoni. Mwaka wa leo na mwaka wa baadaye vina thamani sawa? Hapana tena. Wakakata asilimia 3 kwa kila mwaka unaosogea mbele, kama watu wa benki wanavyofanya na fedha.

Hebu tukae na hilo punguzo kidogo. Kichanga amefariki siku aliyozaliwa. Tuseme amepoteza miaka 80. Ukiikata kwa asilimia 3 kila mwaka, ile 80 inasinyaa hadi takribani 30. Miaka 50 imeyeyuka kwenye kikokotoo, na hakuna mjumbe wa kamati yoyote aliyenyoosha mkono kuipitisha. Katika tathmini ya mzigo wa magonjwa duniani ya mwaka 2010 wahusika wenyewe waliuondoa ule uzito wa umri, na punguzo pia wakaliondoa. Si kwamba kuna kirusi kipya kiligunduliwa. Watu walibishana kuhusu haki, wakabadili msimamo, na namba zikabadilika. Hata hivyo kwenye hesabu za gharama za vifaa na dawa asilimia 3 bado ni jambo la kawaida, na sitashangaa ikiwa imo kwenye jedwali lenu.

Kuna jingine linalowagusa ninyi zaidi, maana mnachagua kati ya vifaa viwili ambavyo kazi yake kubwa itakuwa uzazi. Hesabu za DALY kwa desturi haziwaingizi watoto wanaozaliwa wafu. Mtoto aliyelia mara moja akafa ana miaka yake yote kwenye jedwali. Aliyefia tumboni nusu saa kabla, mama akiwa bado kwenye mtumbwi, ni sifuri. Uchungu unaokwama kwa saa nyingi bila msaada ni chanzo kinachojulikana cha vifo hivyo, na boti ya wagonjwa ingewekwa kwa ajili ya saa hizo hasa. Sasa ona: boti inaweza kufanya sehemu nzuri ya kazi yake mahali ambapo jedwali limefumba macho, halafu tukasema imeshindwa. Mama aliyebeba miezi tisa ukimwambia kwamba mwanawe hakuwa na hesabu, sijui utamtazama usoni namna gani.

Safu ya gharama nayo ina mwenyewe. Gharama za nani? Ukihesabu fedha za mfadhili na za halmashauri tu, boti ni ghali: mafuta, nahodha, kiraka cha fiba, pampu ya injini. Lakini bila boti gharama hiyo haijafutika, imehamia mfukoni mwa mtu. Panda hospitali ya Bugando, Mwanza, saa za kuona wagonjwa uwatazame ndugu wanaopanda kile kilima na hotpoti ya uji mkononi. Muulize mmoja ametoka wapi. Akikwambia Ukerewe, mpigie hesabu: mtumbwi wa kukodi, meli ya kutoka Nansio, sehemu ya kulala, na usiku wa dagaa ambao hakuwepo ziwani. Hakuna hata shilingi moja ya hizo iliyoingia kwenye jedwali linalohesabu upande wa serikali peke yake. Kuamua kwamba shilingi ya halmashauri inahesabiwa na shilingi ya mvuvi haihesabiwi ni uamuzi wa kimaadili, hata kama aliyeufanya alibonyeza tu kitufe.

Turudi kwa mzee. Nakutungia mfano, namba ni zangu, za kufundishia tu. Kwa fedha zilezile, kifaa cha kwanza kinaokoa miaka 100 ya maisha kwa watu wanaoishi karibu na kituo, ambao tayari wana kliniki, barabara na bodaboda. Cha pili kinaokoa miaka 70 kwa watu wa visiwani ambao hadi leo hawapati kitu. Jedwali linasema cha kwanza. Ukiwauliza watu, wengi husita, na kusita kwao si ujinga. Wanahisi kwamba aliyeachwa nyuma kila mwaka ana dai ambalo aliyehudumiwa jana hana. Ukisema mwaka wa aliyeachwa nyuma uhesabiwe mara 1.5, cha pili kinapata 105 na kinaongoza. Wenzangu hapa hupandisha nyusi: hiyo 1.5 umeitoa wapi? Swali la haki kabisa. Nami huwauliza: na ile 1 mliitoa wapi? Kusema wote wahesabiwe moja sawa nako ni msimamo, tena wenye hoja nzito nyuma yake. Ila ni msimamo. Haukuja na sayansi kwenye boksi moja.

Sasa vifaa vyenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa mchana mzima na muuguzi mkunga wa zahanati ya kisiwa kimoja kwenye ziwa letu hili. Chumba kilikuwa na kitanda cha kujifungulia, ndoo ya maji yenye bomba, na ile fetoskopu ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, inayofanana na tarumbeta ndogo, imeng'aa kwa kushikwa. Nilimweleza kwa furaha kuhusu mashine ndogo za utrasaundi zinazochomekwa kwenye simu. Alisikiliza kwa adabu, akafunika fetoskopu yake kwa kitambaa, akasema: "Daktari, mimi shida yangu si kujua. Shida yangu ni saa kumi usiku na upepo umeanza."

Sijawahi kusikia tathmini fupi kuliko hiyo. Na utafiti uko upande wake kuliko nilivyotaka. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mjamzito apate kipimo kimoja cha utrasaundi kabla ya wiki ya 24, na lina sababu: kujua umri wa mimba, mapacha, na kasoro nyingine mapema. Lakini jaribio kubwa lililofanyika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Guatemala, Kenya, Pakistan na Zambia, matokeo yakachapishwa 2018, liliwafundisha watoa huduma wa vijijini kupima wajawazito mara mbili kwa mashine hizo, kisha likalinganisha na maeneo yasiyo nazo. Vifo vya kina mama na watoto havikupungua, na waliokwenda kujifungulia kituoni hawakuongezeka. Mashine inaona, haibebi mtu. Mkunga akigundua kondo la nyuma limetangulia na kuziba njia, mama huyo anahitaji chumba cha upasuaji na damu, na vyote viko ng'ambo. Kumwonyesha mtu hatari yake kwenye kioo kisha kumrudisha nyumbani akaisubiri, hilo nalo lazima tulipime. Linaumiza, hata kama halina safu.

Usinielewe kwamba nachukia utrasaundi. Mahali penye boti, au barabara inayopitika usiku, mashine hiyo ni neema. Hoja yangu ni kwamba jedwali lililinganisha vitu viwili kana kwamba kila kimoja kinasimama peke yake, wakati kimoja ni nusu ya kingine.

Tukiwa hapo, ulizeni pia kifaa kilijaribiwa kwa watu wa namna gani. Mnakikumbuka kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, kilichoenea sana wakati wa UVIKO-19? Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Kilikuwa kimeshatumika hospitalini miaka na miaka. Mwanga wake unapita kwenye ngozi, na hakuna aliyejisumbua vya kutosha kuuliza ni ngozi ya nani.

Basi sasa nikugeukie wewe, Mwalimu, kwa sababu upande wenu nao una ugonjwa wake. Kuna sentensi huwa inasimama kwenye vikao vya namna hii, watu wanapiga makofi, na hesabu inakufa papo hapo: "Uhai hauna bei." Imenunua mashine nyingi zilizolala. Uchunguzi mmoja wa mwaka 2011 uliokusanya orodha za vifaa vya hospitali vya nchi zenye kipato kidogo ulikuta karibu 38 katika kila 100 havifanyi kazi. Wengi waliovipokea walikuwa na nia njema, na nia njema haijui kubadilisha fyuzi. Fedha zinazozama kwenye kifaa kisichotumika zimetolewa kwa mtu fulani ambaye hamkumwita kikaoni. Asiyetaka kusikia neno gharama kwa sababu anapenda watu, naye anawadhulumu watu, ila ni watu asiowaona.

Ndiyo maana napenda kuwataja Thailand. Walipofika kwenye kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo, hesabu zao zilisema wazi kwamba huduma hiyo, kwa njia yoyote ile, inazidi kizingiti cha gharama walichojiwekea. Hawakuzificha. Walisema: tunajua, lakini familia zinafilisika kwa ugonjwa huu, nasi tumeahidi kwamba kuugua hakutamfanya mtu maskini. Mwaka 2008 wakaiingiza kwenye bima yao ya wote, wakaanza na njia ya kusafisha kupitia tumboni, ambayo mgonjwa hujifanyia nyumbani, hata aliye mbali na mji. Namba zilikataa, wakakubali kwa sababu waliyoitaja na kwa bei waliyoijua. Hicho ndicho ninachokiita kutumia maadili katika tathmini. Unaweza kutokubaliana nao, lakini unajua unabishana na nini.

Kinyume chake ni Seattle, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mashine za figo zilikuwa chache mno, ikaundwa kamati ya watu saba wa kawaida, mwanasheria, mchungaji, mfanyabiashara wa benki, mama wa nyumbani na wenzao, wachague nani apewe. Majina yao hayakutangazwa. Jarida moja la Marekani lilipoandika habari zao mwaka 1962, watu walisoma kwamba wajumbe walipima ndoa ya mgonjwa, kazi yake, mali yake, hata kama anakwenda kanisani. Walikuwa watu wema, nadhani. Maadili waliyokuwa nayo ni yale waliyoyaokota kwenye mitaa yao wenyewe, na aliyekataliwa hakuwa na pa kuuliza kwa nini. Ukiona kamati yenu inaanza kusema "wale wa visiwani hawajatulia, wanahama na samaki," kumbuka Seattle.

Utaniuliza mfanye nini. Mwambieni mtaalamu arudi na jedwali lilelile, lakini afungue vitu ambavyo alivifunga bila kuwauliza: punguzo la asilimia 3 lipo au halipo, watoto wanaozaliwa wafu wamo au hawamo, nauli na siku za ndugu zimehesabiwa au la, na matokeo yakigawanywa kwa kisiwa yanasomekaje. Achore mara mbili, kwa njia yake na kwa njia nyingine. Ikiwa utrasaundi inashinda kote, basi inashinda, na mzee atakuwa amejibiwa. Ikiwa inashinda kwa mpangilio mmoja tu, mtajua kwamba kilichowachagulia ni mpangilio.

Kikao cha kuwasikia watu wa visiwani kiwekwe siku za mbalamwezi. Mnajua wenyewe kwamba siku za giza, mwezi usipokuwepo, wavuvi wa dagaa wako ziwani na taa zao usiku kucha, mchana wamelala. Kikao cha wakati wa giza kinaletewa wazee watatu na mwenyekiti wa kitongoji, halafu tunaandika kwamba jamii ilishirikishwa. Na wanawake waketi peke yao kwanza. Mengi ya uzazi hayasemwi mbele ya mkwe.

Sababu za uamuzi ziandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka, zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kituo, pamoja na tarehe ambayo mtu mwenye hoja mpya anaweza kuileta. Nimeona kamati zikiogopa hili kuliko zinavyoogopa wakaguzi. Lakini sababu isiyoweza kubandikwa ubaoni mara nyingi si sababu.

Ukinibana nikuambie ningechagua nini, ningechagua boti, kwa sharti. Mafuta, posho ya nahodha na matengenezo viingie kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri kabla boti haijafika, kwa miaka mitatu, na mfadhili aweke saini kwamba hatatutelekeza njiani. Mwaka 2018 ndege nyuki, yaani droni zisizo na rubani, ziliruka juu ya ziwa letu kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilometa 60 kwa dakika 40 hivi, zikipeleka dawa na kurudi na sampuli za maabara. Lilikuwa jaribio la miezi sita. Namba zake zilikuwa nzuri na nilifurahi. Swali langu lilikuwa kuhusu siku ya kwanza baada ya ile miezi sita: mtu aliyezoeshwa huduma, anadaiwa nini, na nani? Mfadhili wenu aulizwe hivyo hivyo, mapema, kwa heshima. Akishindwa kujibu kuhusu boti, msiikubali boti. Mwombeni aelekeze fedha kwenye kile kitakachobaki hai, hata kama ni utrasaundi, hata kama ni redio ya mawasiliano na tanki la mafuta kwenye gati.

Kama unaweza, nipigie picha lile jedwali, hasa maandishi madogo yaliyo chini yake ambayo kwenye projekta hayasomeki. Hapo ndipo punguzo huandikwa. Nitakokotoa upya kwa njia zote mbili na kukurudishia kabla ya kikao chenu kijacho.